Mama Wakili wa Rufaa

Mama Wakili hakupenda kusimuliwa. Mtu akiingia ofisini kwake, akavua koti, akakaa na kuanza, "Mama, mimi nilionewa, ilikuwa hivi," yeye alinyanyua kiganja kama trafiki na kuuliza, "Hayo uliyasema mahakamani?" Ukijibu ndiyo, aliuliza tena, "Yakaandikwa?" Ukijibu hapana, au hujui, alikumiminia chai. Chai yake ilikuwa na tangawizi kali hata wageni wakakohoa, na wengi wetu tulidhani ni ukarimu. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba alikuwa akitupa kazi ya kufanya na midomo yetu.

Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la fundi viatu, Columbia Heights, jimbo la Minnesota, Marekani, karibu na kituo cha basi la kwenda mjini. Gari hakuwa nalo na kuendesha hakutaka kujifunza. Wakati wa baridi alifika amevaa mabuti mazito, akayavua mlangoni, akatoa kwenye mfuko wa nailoni viatu vyeusi vya ngozi na kuvivaa, hata siku ambayo hakutarajia mgeni yeyote. Alisoma amesimama. Faili aliliweka juu ya kabati la chuma lililomfikia kifuani, rula akaiweka chini ya mstari, akaisogeza polepole hadi mwisho wa ukurasa. Simu ikilia hapo, haikupokewa.

Alikuwa Mtanzania, na Kiswahili chake kilikuwa kizima. Sisi Wakenya wa pale, wanafunzi na wauguzi na wasaidizi wa nyumba za wazee, tulikuwa tumeshachanganya mambo. Nikimwambia, "Niko na swali," alinitazama tu mpaka niseme, "Nina swali," ndipo akajibu. Lakini kwenye shida hakusahihisha lugha ya mtu. Siku nilipokwenda kwake mara ya kwanza nililia kwa Kiswahili, Kiingereza na Ekegusii cha kwetu Kisii, naye hakusahihisha neno.

Nilikwenda kwa sababu ya binti yangu, Moraa, aliyekuwa na miaka sita. Nilikuja Minnesota kumfuata mume wangu aliyekuwa akisoma uhandisi. Yeye alisoma, mimi nikafanya kazi kwenye nyumba ya wazee kule Maplewood, mara nyingi shifti mbili mfululizo, ya pili ikiwa ya usiku kwa sababu ndiyo iliyopatikana. Alipomaliza masomo na kupata kazi nzuri, ndoa ilikuwa imeshakufa. Alihamia Oakdale, akanunua nyumba yenye uwanja, akaenda mahakamani kuomba mtoto. Jaji wa kaunti alimpa. Hukumu yenyewe ilikuwa fupi. Ilisema mama anafanya kazi usiku na mtoto hulala kwa jirani, kwa hiyo ni heri akae kwa baba. Basi.

"Nataka kuwaeleza hao majaji wa juu," nilimwambia Mama Wakili. "Niwaeleze mimi mwenyewe. Na jirani yangu yuko tayari kuja kusema vile mtoto alikuwa anakaa kwake vizuri."

"Huyo jirani alikuwa wapi siku ya kesi?"

"Alikuwa kazini."

"Basi kwao hayupo," akasema. "Sikiliza, mama Moraa. Rufaa si kesi ya pili. Wale majaji watatu hawaiti shahidi. Hawapokei picha, hawapokei barua, hawapokei machozi. Watasoma yaliyosemwa kule chini, kama mwandishi wa mahakama alivyoyapiga chapa, na watajiuliza jambo moja tu: jaji alikosea?"

"Si alikosea! Alimpa mtu ambaye hata hajui kusuka mtoto nywele."

Akamimina chai. Nilipokuwa nakohoa, akanieleza kwa utaratibu, akipanga vijiko mezani. Kijiko cha kwanza kilikuwa mambo yaliyotokea, nani alifanya nini na nani alisema kweli. Hayo ni ya jaji aliyewaona mashahidi wakitoa jasho, nao walio juu hawamgusi mpaka kosa lake lionekane waziwazi kabisa. Cha pili ni kupima na kuamua, na hapo wanamwachia nafasi pana. Cha tatu ni sheria inasema nini. "Hapo," akasema, akigonga kile kijiko, "hawamwachii hata inchi. Wanaisoma upya kana kwamba yeye hakuwahi kuiona. Kwa hiyo nitatafuta kwenye kijiko hiki. Nikikosa, nitakwambia urudi nyumbani."

Ulipofika mwenendo wa kesi, yaani maandishi ya yote yaliyosemwa kule chini, alinitaka niusome naye. Sijawahi kusoma kitu kilichonichoma vile. Maneno yangu mwenyewe, ya Kiingereza cha woga, yamepangwa kwenye kurasa kama ya mtu mwingine. Kuna mahali wakili niliyekuwa naye kule chini aliniuliza kama ni kweli kwamba ni mimi niliyemlaza mtoto siku ambazo sikuwa kazini, nikamnyonyesha, nikampeleka kliniki. Nakumbuka vizuri nilivyotikisa kichwa kukubali, kwa nguvu, mpaka shingo ikauma. Ukurasa ulisema: hakuna jibu lililosikika.

"Nilikubali!" nikamwambia. "Jaji aliniona."

"Ulitikisa kichwa," akasema Mama Wakili. "Karatasi haina kichwa."

Ndivyo alivyokuwa akisema, kwa sentensi fupi zilizokaa mwilini kama mwiba. Kwa wakili kijana aliyekuja kumwomba ushauri niliwahi kumsikia akisema, "Ukinyamaza kule chini, usije kunipigia kelele huku juu." Kwa mzee mmoja wa kanisani aliyemsifu kwamba anatetea wanyonge alijibu, "Natetea kurasa." Yule mzee alicheka. Yeye hakucheka.

Ungemwona ofisini tu ungedhani ni mtu aliyekubali kila kilichoamuliwa duniani. Haikuwa hivyo. Kwenye kikundi cha akina mama kanisani hakuna uamuzi uliokaa. Tukikubaliana mwezi huu kwamba sherehe ya watoto itakuwa na chapati, mwezi ujao Mama Wakili alianza, "Nimeendelea kufikiri kuhusu zile chapati." Kila kiangazi, vijana wetu walipocheza mpira bustanini, alisimama kando ya mstari na koti lake la mvua, akimfokea refa. Refa alikuwa fundi umeme, Mganda mpole, naye alifikia kuomba asipangiwe mechi ambazo mama yule atakuwepo.

"Mama Wakili," nilimwambia siku moja, "si wewe unasema aliyekuwepo ndiye aliyeona?"

"Refa hana aliye juu yake wa kumrekebisha," akasema bila kuondoa macho uwanjani. "Inabidi umwambie papo hapo. Hata mahakamani, kosa la jaji lipingwe papo hapo. Wakili akikaa kimya, limepita." Kisha akafoka tena, hata watoto wakageuka.

Kama kuna siku niliyomfahamu kweli, ni siku aliyoniomba nimpeleke Oakdale. Kijana mmoja wa kwetu, ambaye mama yake aliishi huko, alikuwa amefungwa kwa kupigana na mtu kwenye maegesho ya magari na kumjeruhi vibaya. Mama Wakili alimkatia rufaa. Katika kesi ya chini jaji aliruhusu shahidi mmoja aeleze fujo za zamani za kijana huyo, jambo ambalo Mama Wakili aliamini halikupaswa kusikilizwa na baraza la raia wanaoamua kama mtu ana hatia. Lakini wakili wa kwanza hakusimama kupinga. Majaji wa rufaa wakasema, ndiyo, lilikuwa kosa, ila halikupingwa wakati wake, na hata lisingekuwepo, ushahidi mwingine ungetosha kumtia hatiani. Hukumu ikabaki ilivyo.

"Si ungempigia mama yake simu tu?" niliuliza nilipokuwa naendesha.

"Simu haimshiki mtu mkono," akasema.

Mama wa kijana alitufungulia mlango na tabasamu, maana alimpenda sana Mama Wakili. Tulipoketi, Mama Wakili hakuanza kwa kueleza sheria. Alisema, "Dada, nimeshindwa." Yule mama akauliza kama kuna mahali pengine pa kwenda. Akaambiwa wataiomba mahakama ya juu kabisa ya jimbo, lakini ile huchagua kesi za kusikiliza, na yeye hataki kumpa tumaini ambalo mwenyewe hana. Yule mama aliinuka akaenda jikoni, akawa anafungua kabati na kufunga, anafungua na kufunga. Mama Wakili akamfuata. Nilipochungulia baadaye, walikuwa wamekaa pamoja wanamenya viazi, viazi vingi kuliko ambavyo nyumba ile ingeweza kula. Tulikaa hadi alasiri. Mama Wakili alipoinuka kuondoka, yule mama alimshika bega akasema, "Dada, kosa walikiri lipo?"

"Walikiri."

"Na bado mwanangu yuko ndani?"

"Bado."

Ndani ya gari Mama Wakili alishikilia mkoba wake kwa mikono miwili kama mtu aliye kwenye basi lililojaa. Nilijua haikuwa siku ya kuuliza kuhusu kesi yangu.

Kesi yangu ilisikilizwa Saint Paul, kwenye jengo la mawe karibu na kuba la bunge la jimbo. Nilivaa gauni la kanisani. Nilikuwa nimejiandaa kutazamwa, lakini wale majaji watatu hawakunitazama hata mara moja, na nadhani hawakujua mimi ni yupi. Kwenye meza ya kuzungumzia kulikuwa na taa ndogo, kijani, njano na nyekundu, za kumwambia wakili muda wake unavyokwisha. Mama Wakili alisimama wima na viatu vyake vyeusi. Aliwaambia kwamba sheria ya jimbo inamtaka jaji, anapoamua mtoto akae wapi, apime mambo mengi: nani amemlea tangu mwanzo, mtoto ameshikamana na nani, nyumba, shule, afya. Haruhusiwi kushika jambo moja na kuyaacha mengine, na lazima aandike alichokiona katika kila moja. Huyu alishika usiku peke yake.

Jaji wa katikati, mama mwenye miwani iliyoning'inia kwenye mkufu, akamkatiza. "Wakili, unatuomba tumkabidhi mama huyu mtoto wake?"

Nilisogea mbele kwenye benchi. Hilo ndilo swali nililokuwa nimeliombea.

"Hapana, Mheshimiwa," akasema Mama Wakili. "Siombi hilo."

Mengine yaliyosemwa sikuyasikia. Taa ikawa njano, ikawa nyekundu, watu wakainuka. Kwenye ukumbi wa nje nilimshika mkono wa koti.

"Umesema hapana! Umewaambia sitaki mtoto wangu!"

"Nimewaambia siombi wao wampe."

"Kuna tofauti gani?"

"Wao hawampi mtu mtoto, mama Moraa. Hawajamwona mtoto, hawajakuona wewe. Wanaweza kusema jaji hakufanya kazi yake, arudie. Ningeomba zaidi ya hapo, wangeninyima hata hicho."

Nilimwacha amesimama pale. Alirudi na basi.

Uamuzi ulitoka baada ya majuma kadhaa, na ulikuwa wa kwetu. Hukumu ilitenguliwa, kesi ikarudishwa kwa jaji wa kaunti aandike upya, akipima yote. Nilimwomba Mama Wakili msamaha, akaupokea kwa kunitikisia kichwa. Nilipika chapati, nikawaita majirani, nikampigia mama yangu simu Kisii nikapiga vigelegele kwenye simu. Mama Wakili alikuja, akala chapati moja, akaniambia kwa sauti ya chini, "Umeshinda haki ya kuhukumiwa vizuri. Usisherehekee zaidi ya hapo." Nilidhani ni tabia yake tu ya kuzima mishumaa.

Faili lilirudi kwa jaji yuleyule. Hakuwaita mashahidi tena. Alikaa nalo hadi theluji ikayeyuka, kisha akatoa hukumu mpya, ndefu, nami nikaipeleka ofisini kwa Mama Wakili mkononi, sijathubutu kusoma zaidi ya ukurasa wa mwisho. Mama Wakili aliipokea na koti bado mwilini, akaiweka juu ya kabati, akaanza na rula yake. Nilimtazama mgongo. Fundi viatu alikuwa anagonga chini yetu. Alipofika mwisho, akarudi mwanzo, akaisoma yote tena.

"Ameandika," akasema hatimaye.

"Ameandika nini?"

"Kila kitu. Ameandika kwamba wewe ndiye uliyemlea. Ameandika kwamba mtoto anakupenda sana. Ameandika kuhusu shule, jirani, shangazi zake, yale mtoto aliyomwambia ofisa wa mahakama aliyemhoji. Amepima moja moja, na mwisho ameelekea upande wa baba. Wewe utakuwa naye mwisho wa kila juma, na sehemu ya likizo."

"Si tukate rufaa tena."

"Siendi."

"Mama Wakili!"

"Sina cha kuwaambia. Mara ya kwanza alikosea sheria. Sasa amepima, na kupima ni kwake. Watathibitisha, na mtakuwa mmekaa mwaka mwingine mzima kwenye vita."

"Kwa hivyo wewe unaona ni sawa? Unaona alifanya vizuri?"

Aligeuka, akachukua birika, akamimina chai, akaniwekea kikombe mezani. Hakujibu. Nilikitazama kile kikombe mpaka mvuke ukaisha, nikainuka nikaondoka. Nililichukua lile jibu lisilosemwa kuwa ndiyo.

Tangu siku hiyo nilihamia ibada ya asubuhi na mapema ili nisikutane naye. Nilisikia habari zake kwa watu: ameshinda kesi fulani, ameshindwa nyingine, amemfokea refa mpya. Mimi nilikuwa na Ijumaa zangu. Kila Ijumaa nili-drive hadi Oakdale, nikasimama nje ya ile nyumba yenye uwanja, Moraa akatoka na mfuko wake mgongoni. Mwanzoni Jumapili alilia kurudi. Baadaye akaacha kulia, na hilo liliniuma zaidi. Niliacha kazi ya usiku, nikasomea uuguzi, nikapata kazi ya mchana. Moraa aliendelea kuelewa Kiswahili, lakini majibu yakaanza kuja kwa Kiingereza, hadi ya "lala salama." Sitadanganya kwamba alikosa kitu kule. Baba yake alijifunza kusuka nywele, vibaya mwanzoni, halafu vizuri.

Miaka ya tisini ilikuwa inaishia nilipokutana na Mama Wakili tena. Ilikuwa Jumamosi mchana, duka kubwa la mitumba Maplewood, Moraa anajaribu viatu kwenye safu za mwisho. Nilimwona mama mmoja mwenye mvi anafungua masanduku ya kusafiria, anafunga zipu, anaifungua tena, anasikiliza kama inakwama. Ningeweza kupita. Miguu ilisimama yenyewe.

"Shikamoo, Mama Wakili."

"Marahaba." Akaiachia zipu. "Mama Moraa."

Akaniambia anarudi Tanzania. Ofisi ameshaifunga, kesi zilizobaki amemkabidhi wakili mwingine. Tukakaa kwenye sofa iliyokuwa inauzwa, karatasi ya bei katikati yetu. Akaniuliza kazi, akaniuliza mama yangu. Kisha akavuta sanduku moja karibu, na mimi nikaona kama sitauliza leo, sitauliza tena.

"Ile siku nilikuuliza kama jaji alifanya vizuri. Hukunijibu."

"Sikukujibu."

"Nilijua uliona ni sawa."

Mama Wakili aliweka mkono juu ya sanduku lililokuwa mbele yake. "Nilisema hana kosa ambalo wale watatu wangeweza kulirekebisha," akasema. "Sikusema ni sawa. Ile hukumu nimeisoma mara nyingi, hata baada ya wewe kuondoka. Ningekuwa mimi kwenye kile kiti, mtoto angelala kwako."

Niliikunja ile karatasi ya bei. Watu walipita na vitoroli vyao.

"Mbona hukuniambia? Miaka yote hii, Mama Wakili! Nimelala nikijua hata wewe ulinikataa."

"Ningekuambia, ungepata nguvu ya kupigana. Ungetafuta wakili mwingine, naye angekukubalia. Na kila mnapopigana, yule mtoto anakalishwa mbele ya mtu mgeni, anaulizwa anataka kulala kwa nani. Nilisoma majibu yake, mwanangu. Alisema anataka kulala kwenye gari, katikati ya nyumba zenu." Akafunga zipu ya sanduku. "Nikaona heri unichukie mimi."

Nilijifuta macho kwa ncha ya skafu. Hakunipa pole, wala hakunigusa. Alikaa tu pale pale kando yangu, kama alivyokaa siku ile ya viazi.

Moraa alitokea amebeba viatu mkononi, mrefu, nywele zimesukwa vizuri. Akaniambia kwa Kiingereza kwamba vinambana, akaona macho yangu, akamtazama mgeni.

"Hujambo, Moraa?" akasema Mama Wakili.

"Sijambo," akajibu mtoto kwa Kiswahili, labda kwa mshtuko wa kuitwa jina. Kisha akaniuliza kwa Kiingereza, kwa sauti ya chini, huyu ni nani.

"Ni wakili wetu," nikasema. "Anasafiri. Msaidie mizigo."

Moraa aliyaangalia yale masanduku, akachagua lililokuwa kubwa zaidi, akavuta mpini wake na kuanza kulikokota kuelekea kwa mwenye duka. Mama Wakili aliinuka polepole, akishika bega langu, na sisi wawili tukamfuata.